Nondo Aliyevaa Sura ya Nyigu: Kumtambua Bustanini na Kumhudumia Aliyeumwa

Asubuhi moja ya mvua za vuli, mama mmoja mkazi wa Bomani, mjini Tarime, aliingia katika zahanati niliyokuwa zamu akiwa amembeba mtoto wa miaka minne mgongoni. Mkononi alishika chupa ya plastiki iliyofungwa kizibo. Ndani ya chupa mlikuwa na mdudu mwembamba, mwenye mbawa angavu kama kioo na tumbo jeusi lenye mistari, akitikisa mkia wake kana kwamba anatafuta mahali pa kudunga.

"Daktari, ndiye huyu aliyemuuma mwanangu," alisema. "Nimemkamata palepale kwenye marando."

Sikio la mtoto lilikuwa limevimba na kuwa jekundu. Mimi, badala ya kumtazama mtoto, nilimtazama mdudu. Nilikuwa nimesoma habari za wadudu wa namna hiyo, na nilifurahi kumtambua: hakuwa nyigu, bali nondo. Nilimweleza mama kwa upole kwamba nondo hana mwiba, kwamba mdudu huyo hawezi kumuuma mtu yeyote, na kwamba uvimbe ule ungepungua wenyewe. Kila neno nililolisema juu ya mdudu lilikuwa kweli. Hata hivyo nilikuwa karibu kufanya kosa kubwa.

Muuguzi mmoja mwenye umri wa kunizaa alikuwa amesimama karibu. Alisema kwa sauti ya chini, "Daktari, mdudu tumemwona. Sasa tumtazame mtoto." Kisha akalipandisha shati la mtoto. Tumbo lote na mgongo vilikuwa vimejaa mabaka mekundu yaliyoinuka. Midomo ilikuwa imeanza kuvimba, na kifua kilikuwa kikitoa sauti ya mluzi kila alipotoa pumzi. Mtoto alikuwa ameumwa na nyigu wa kweli, na mwili wake ulikuwa ukiingia katika mshtuko wa mzio. Alipewa sindano ya adrenalini wakati ule ule, na siku iliyofuata alirudi nyumbani akiwa mzima.

Makala haya yameandikwa kwa sababu ya asubuhi ile. Yanaeleza nondo anayefanana na nyigu ni mdudu gani, namna ya kumtambua katika bustani na mashamba ya Tarime na Serengeti, na kwa nini ujuzi huo, ulio mzuri na wenye manufaa, haupaswi kamwe kuchukua nafasi ya kumpima mgonjwa.

Nyigu ni nani, na nondo ni nani?

Nyigu, ambaye wengine humwita dondola, yumo katika kundi moja la wadudu pamoja na nyuki na siafu. Mwiba wake ni kiungo cha kutagia mayai kilichobadilika katika vizazi vingi na kuwa silaha yenye sumu. Kwa sababu hiyo, nyigu na nyuki wanaodunga ni majike pekee. Madume hawana mwiba.

Nondo ni ndugu wa kipepeo. Mbawa zake nne zimefunikwa na magamba madogo sana, ambayo mtu akiyagusa hubaki vidoleni kama vumbi au unga. Mdomo wake ni mrija mrefu uliojikunja mithili ya kamba iliyoviringishwa, na kazi yake ni kufyonza maji matamu ya maua. Nondo hana mwiba, na hakuna spishi ya nondo duniani ambayo mdudu wake aliyekomaa humdunga mtu kwa mkia. Wapo viwavi wa nondo wenye manyoya yanayowasha ngozi, lakini hiyo ni habari ya kiwavi.

Wengi tumezoea kuwaona nondo usiku, wakizunguka taa. Nondo wanaofanana na nyigu huruka mchana, tena katika jua kali. Ndege na mijusi huwinda kwa macho, na vazi la nyigu lina maana pale tu panapokuwa na mwanga wa kuliona.

Faida ya vazi la kuazima

Ndege mchanga hujifunza kwa maumivu. Akimdonoa nyigu mara moja au mbili, hukumbuka rangi nyeusi na njano, na baadaye huepuka kila mdudu mwenye rangi hizo. Nondo ambaye kwa bahati amezaliwa akifanana kidogo na nyigu huachwa salama mara nyingi kuliko mwenzake, naye huzaa watoto wanaorithi sura yake. Katika vizazi vingi sana mfanano huo huzidi kuwa kamili.

Aliyeeleza jambo hili kwa mara ya kwanza kwa utaratibu wa kisayansi ni Mwingereza Henry Walter Bates. Alikaa katika misitu ya mto Amazon kuanzia mwaka 1848 hadi 1859 akikusanya wadudu, na mwaka 1862 akachapisha maelezo yake juu ya vipepeo wanaoliwa wanaofanana na vipepeo wenye ladha mbaya. Miaka kadhaa baadaye, Fritz Müller, Mjerumani aliyeishi Brazili, alionyesha upande wa pili: wadudu wawili ambao wote wana sumu nao hufaidika wakivaa rangi moja, kwa kuwa wanagawana gharama ya kumfundisha ndege. Bustanini kwetu aina zote mbili zipo. Wapo nondo wasio na kinga yoyote isipokuwa sura, na wapo wengine ambao wenyewe wana ladha mbaya.

Ni vyema wasomaji wetu wajue kwamba sehemu ya elimu hii ilipatikana katika ziwa letu hili la Viktoria, na aliyeipata alikuwa tabibu. Mapema katika karne ya 20, ugonjwa wa malale uliua watu wengi mno katika mwambao na visiwa vya kaskazini mwa ziwa, hata wakazi wa visiwa vya Ssese nchini Uganda wakahamishwa. Daktari G. D. Hale Carpenter alipelekwa huko kuchunguza maisha ya mbung'o anayeeneza ugonjwa huo. Alipokuwa akifanya kazi hiyo, aliwachunguza pia vipepeo. Kipepeo mmoja, kwa jina la kitaalamu Pseudacraea eurytus, huiga sura za vipepeo kadhaa wenye ladha mbaya. Carpenter aliona kwamba mahali ambapo vipepeo wanaoigwa ni wengi, waigaji walifanana nao sana; lakini katika visiwa ambako wanaoigwa walikuwa wachache, waigaji wenye sura ya kati, isiyo sawasawa, waliongezeka. Mwaka 1920 alichapisha kitabu juu ya maisha yake ya ziwani, ambamo habari za malale na za vipepeo zimekaa pamoja.

Ugunduzi huo una maana kwetu. Mwigo hulinda pale tu ambapo anayeigwa yupo karibu na ni wa kutosha. Ndege asiyemjua nyigu hana sababu ya kumwogopa nondo. Basi mtu akimwona nondo mwenye sura ya nyigu katika shamba lake, ingawa mdudu huyo hana madhara, kuwepo kwake hukumbusha kwamba nyigu wa kweli huenda hawako mbali. Ndivyo ilivyokuwa Bomani. Baadaye mama yule aliporudi shambani akiwa na jirani yake, walikuta kiota cha nyigu chini ya jani kavu la mgomba, hatua chache kutoka pale mtoto alipokuwa akicheza.

Wageni watatu wa bustani

Tarime ni nchi ya juu, yenye mvua na udongo wenye rutuba, na mashamba yake yana migomba, mahindi, mihogo, viazi vitamu na kahawa. Katika mazingira hayo, makundi matatu ya nondo ndiyo yanayostahili kutazamwa kwanza.

Kundi la kwanza ni nondo wa mbawa angavu, wa familia ya Sesiidae, ambayo ina spishi zaidi ya 1,000 duniani. Hao ndio waigaji hodari kuliko wote. Sehemu kubwa ya mbawa zao haina magamba, na kwa hiyo mtu huona kupitia mbawa kama anavyoona kupitia mbawa za nyigu. Mwili ni mwembamba na wenye mistari. Mwenyeji wetu katika familia hii ni nondo wa marando ya viazi vitamu, Synanthedon dasysceles, anayepatikana Afrika Mashariki. Upana wake, mbawa zikiwa zimetandazwa, ni kama sentimita mbili na nusu. Mdudu wa ndani ya chupa alikuwa wa jamii hii.

Kundi la pili ni nondo wa jamii ya Amata na ndugu zao. Mbawa zao ni nyeusi zenye madirisha angavu au meupe, na tumbo lina mikanda ya njano, ya rangi ya chungwa au nyekundu. Ndugu zao wa jamii ya Euchromia wana hata rangi ya samawati inayong'aa kama chuma. Hawa huruka polepole, kama wasio na haraka, na hukaa wazi juu ya majani na maua. Mwendo wao wa kujiamini hutokana na kinga waliyo nayo: wengi wao wana ladha mbaya, na ndege aliyewahi kuwaonja huwaacha.

Kundi la tatu huiga zaidi nyuki mkubwa au bumbi kuliko nyigu. Ni nondo Cephonodes hylas, mwenye mwili mnene wa kijani kibichi na mkanda mweusi au wa rangi ya damu ya mzee katikati. Hatui juu ya ua, bali huelea mbele yake huku mbawa zikienda kasi kiasi cha kutoonekana, na huingiza mrija wake mrefu ndani ya ua. Kiwavi wake, mwenye pembe ndogo mkiani, hula majani ya mbuni na ya miti ya jamii ya kahawa. Kwa hiyo wakulima wa kahawa wa Tarime wanaweza kuwa wamemwona bila kujua atakuwa nani. Jambo la ajabu juu yake ni hili: anapotoka katika bundo, mbawa zake zina magamba ya kijivu kama za nondo mwingine yeyote. Magamba hayo hupukutika mara anapoanza kuruka, na mbawa hubaki kama kioo.

Namna ya kutazama

Wakati mzuri ni asubuhi, jua linapoanza kupasha majani joto. Simama hatua mbili au tatu kutoka kwenye maua au marando, usipunge mikono, wala usiweke uso karibu. Usimkamate mdudu kwa vidole ati kwa kuwa umesoma kwamba huenda ni nondo. Picha iliyopigwa kwa simu na kukuzwa baadaye humsaidia mtu kuona mengi bila hatari. Kisha jiulize maswali yafuatayo, moja baada ya jingine.

Kwanza, kiuno. Nyigu wengi wana kiuno chembamba mno kati ya kifua na tumbo, na wale wa jamii ya Belonogaster, walio wengi katika nyumba zetu, wana kiuno kirefu kama uzi. Nondo hana kiuno cha kweli. Mwili wake huungana moja kwa moja. Baadhi yao wamechorwa tu doa jeupe au la njano mahali ambapo kiuno kingekuwa, na kwa mbali jicho hudanganyika.

Pili, kingo za mbawa. Mbawa za nondo, hata zile angavu, huwa na pindo la magamba meusi au ya kahawia kandokando na kwenye mishipa. Mbawa za nyigu hazina pindo hilo. Tena nyigu wa viota vya karatasi, anapotua, hukunja mbawa zake za mbele kwa urefu zikawa nyembamba kama vijiti.

Tatu, mdomo. Nyigu ana taya zinazong'ata na kutafuna; huonekana akikwangua mti mkavu ili kupata malighafi ya kiota, au akimkatakata kiwavi. Nondo hana taya za namna hiyo. Ukiona mrija unaokunjuka na kuingia katika ua, basi ni nondo.

Nne, miguu na mwili. Miguu ya nondo wa mbawa angavu mara nyingi ina manyoya mazito, kana kwamba amevaa soksi. Miguu ya nyigu ni laini na hung'aa.

Tano, idadi ya mbawa. Nyigu na nondo wote wana mbawa nne. Ukihesabu mbili tu, basi huyo ni nzi, kwa kuwa wapo pia nzi wengi wenye mistari ya njano na nyeusi wanaoelea juu ya maua. Nao hawadungi.

Mwenendo peke yake hautoshi kuwa ushahidi. Nondo wa mbawa angavu huvumisha mbawa, hutikisa mkia na hata huukunja kama anayetaka kudunga. Ametengenezwa kudanganya, na anajua kazi yake. Wala mwigo huo haumlindi dhidi ya kila adui. Keremkerem, ndege mwenye rangi nyingi anayekaa juu ya nyaya na matawi makavu, huwala nyuki na nyigu wenyewe baada ya kuwasugua katika tawi ili kuondoa mwiba. Kwake vazi la nyigu halimtishi, pengine humwita.

Kiwavi ndani ya rando

Msomaji aweza kuuliza kwa nini mkulima ajisumbue kumjua nondo asiyeuma. Jibu limo katika tuta la viazi. Jike la nondo wa marando hutaga mayai kati ya 70 na 100 juu ya shina na vikonyo vya majani. Kiwavi akianguliwa hutoboa rando mara moja na kuchimba njia kuelekea chini, hadi kwenye shina karibu na udongo, na mara nyingine huingia katika kiazi chenyewe. Shina la chini huvimba na kujaa vijia. Nondo anapokomaa, ganda la bundo, jembamba kama karatasi, hubaki limejitokeza nje ya uvimbe huo. Ukiliona ganda hilo, umepata alama ya uhakika kuliko kumwona mdudu akiruka.

Kwa kawaida hasara ya mavuno ni ndogo, na hapo ndipo lilipo jambo la afya. Wako wakulima wanaoona mdudu mwenye sura ya nyigu juu ya marando, wakashikwa na hofu, wakapulizia sumu kali, hata dawa ya kuogeshea mifugo. Sumu hiyo haimfikii kiwavi aliye ndani ya shina. Inachofikia ni matembele yatakayochumwa jioni kwa ajili ya mboga, na mapafu na ngozi ya anayepulizia. Baadhi ya sumu hizo husababisha mate na machozi kutoka kwa wingi, jasho, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo, na kupumua kwa shida. Mtu mwenye dalili hizo apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, pamoja na chombo cha dawa iliyotumika.

Njia inayofaa ni nyepesi zaidi. Pandishia udongo kwenye mashina ili kuyafunika na kuziba nyufa za tuta. Chagua marando safi, yasiyo na uvimbe wala matundu, kwa ajili ya mbegu. Badilisha mazao shambani, na vuna kwa wakati. Hatua hizo hizo humzuia pia fukuzi wa viazi vitamu, ambaye ndiye adui mkubwa kuliko nondo. Kiazi alichokitoboa huwa kichungu na hakifai kuliwa.

Kulinda viazi ni kulinda macho ya watoto. Viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya karoti, vina wingi wa kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayohitajika kwa uoni na kwa kinga dhidi ya maradhi. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa wataalamu wanne kwa kazi ya kuongeza virutubisho katika mazao. Watatu kati yao, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, walituzwa kwa ajili ya viazi lishe. Zao lenye thamani hiyo halistahili kumwagiwa sumu kwa sababu ya mdudu aliyetutisha kwa sura tu.

Aliyeumwa na nyigu wa kweli

Sasa turudi kwa mgonjwa. Akiumwa, kwanza mwondoe mahali pale, kwa kuwa nyigu mmoja akidunga, wenzake wa kiotani huweza kufuata. Nyuki huacha mwiba wake ndani ya ngozi; uondolewe upesi kwa njia yoyote iliyo karibu, iwe kwa kucha au kwa kuukwangua, kwa sababu kuchelewa ndiko kunakoongeza sumu. Nyigu hauachi mwiba, na anaweza kudunga zaidi ya mara moja. Usipoteze muda kuutafuta. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, vua pete na bangili kabla ya uvimbe, na mpe mgonjwa dawa ya maumivu kama paracetamol. Kupaka mafuta ya taa, kuchanja kwa wembe au kunyonya sumu kwa mdomo hakuna faida na kunaleta madhara.

Maumivu, wekundu na uvimbe mahali palipodungwa ni kawaida. Kwa baadhi ya watu uvimbe huweza kuenea sana kwa siku moja au mbili, kisha ukapungua katika muda wa wiki moja. Huo, ingawa unatisha, si mshtuko wa mzio.

Dalili za hatari ni zile zinazotokea mbali na mahali palipodungwa: mabaka ya kuwasha mwili mzima; kuvimba midomo, ulimi au koo; sauti kukwaruza; kupumua kwa mluzi au kwa shida; kutapika au kuharisha ghafla; kizunguzungu, kuzimia, au mtoto kulegea. Mara nyingi huanza ndani ya dakika chache, na kwa kawaida ndani ya saa moja. Nyumbani, mgonjwa mwenye dalili hizi alazwe chali na miguu iinuliwe. Akiwa na shida ya kupumua aachwe akae, ila asisimamishwe wala kutembezwa. Apelekwe kituo cha afya upesi, kwa chombo chochote cha usafiri kilichopo.

Kwa wahudumu wa afya, dawa ya kwanza ni adrenalini, nayo haina mbadala. Tumia ile yenye miligramu 1 katika mililita 1, kwa kiasi cha miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, isizidi miligramu 0.5 kwa mtu mzima. Mtoto wa kilo 15 hupewa mililita 0.15. Dungwe katika msuli, upande wa nje wa paja, katikati. Kipimo kinaweza kurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15 hali isipotulia. Oksijeni na maji ya mshipa hufuata. Dawa za mzio za vidonge au sindano na dawa za jamii ya steroidi ni za kusaidia tu. Kuzitanguliza huku adrenalini ikisubiri ni kumpotezea mgonjwa muda alio nao. Mgonjwa aangaliwe kwa saa kadhaa hata akipata nafuu, kwa kuwa dalili zaweza kurudi.

Aliyeumwa mara nyingi sana, hasa na kundi la nyuki, yuko katika hatari ya namna nyingine: wingi wa sumu wenyewe huharibu misuli, damu na figo, hata kama hana mzio. Mkojo wake uangaliwe. Ukiwa mweusi au mchache, apewe rufaa. Aliyeumwa ndani ya mdomo au kooni naye asirudishwe nyumbani haraka, kwani uvimbe huweza kuziba njia ya hewa.

Mdudu ndani ya chupa

Je, wagonjwa waache kuleta wadudu? La. Mdudu aliyeletwa humsaidia mhudumu kujua mengi, mradi kumkamata hakumcheleweshi mgonjwa wala hakumhatarishi mwingine. Lakini kumbukeni, ndugu wasomaji, kwamba mdudu aliyeonekana baada ya tukio si lazima awe ndiye mtendaji. Nyigu hudunga na kuruka. Nondo hubaki juu ya rando kwa sababu hana haja ya kukimbia.

Kuhusu viota, visichomwe moto wala kupigwa mawe na watoto. Kiota kilicho mbali na njia za watu chaweza kuachwa, kwa kuwa nyigu hula viwavi wengi wa mazao. Kilicho karibu na mlango, choo au mahali wanapocheza watoto kiondolewe usiku na mtu mzima aliyejikinga mwili mzima, asiyewahi kupata mzio.

Mama wa Bomani alirudi zahanati baada ya wiki moja, mtoto akitembea mwenyewe. Alikuwa na chupa nyingine. Safari hii ndani yake mlikuwa na kipande cha rando kilichovimba, na ganda la bundo limejitokeza ubavuni. "Daktari," alisema, "nimeona alikotoka yule wenu." Nililitazama ganda kwa furaha. Lakini kwanza nilimketisha mtoto kitini, nikamwomba avue shati.